Jina la Mkulima Daftarini

Mhadhara uliosomwa Mwanza mbele ya hadhira ya wakulima, wavuvi, watumishi wa halmashauri na viongozi wa vyama vya msingi

Nitasema juu ya kadhia ambayo wengi wenu mliionja kwa mikono yenu kabla mimi sijaifikiria kwa kalamu: Serikali humsaidiaje mkulima pale janga lisilotokana na mvua wala na wadudu linapomnyang'anya thamani ya jasho lake?

Maradhi ya korona yalipothibitishwa nchini mwetu katikati ya Machi 2020, na siku ile iliyofuata shule zikafungwa, mkulima wa pamba wa Usukuma alikuwa shambani akiangalia vitumba na kupiga dawa ya wadudu, na hakuona kwa macho yake dalili yoyote ya kuwa zao lile alilopanda mwishoni mwa mwaka uliotangulia limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya bei yake kabla halijapasuka. Hasara hiyo ilitoka mbali. Viwanda vya kusokota nyuzi vya bara la Asia vilisimama, maduka ya nguo ya Ulaya na Marekani yakafungwa milango, maagizo ya nguo yakafutwa, na mapema mwezi wa Aprili bei ya pamba nyuzi katika soko la New York ikashuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili moja. Msimu wa ununuzi ulipofunguliwa huku kwetu, bei dira iliyotangazwa ilikuwa shilingi 810 kwa kilo ya pamba mbegu, ilhali mwaka 2019 ilikuwa shilingi 1,200. Tofauti ni shilingi 390. Mwenye kilo 500, naye si mkulima mkubwa kwa kipimo chochote, alipungukiwa shilingi 195,000 kwa sababu ambazo hakuzitenda, hakuzijua, wala asingeweza kuzizuia hata angalipalilia usiku na mchana.

Tena tukumbuke kwamba pigo hilo lilimkuta mtu aliyekwisha kujeruhiwa. Msimu wa 2019 ulikuwa na bei nzuri ya kutamka, lakini wanunuzi walikwama kwa fedha, na wakulima wengi wa mikoa yetu walikabidhi pamba yao wakarudi nyumbani na stakabadhi tupu, wakangoja malipo kwa miezi. Mtu aliyekopa dukani kwa dhamana ya stakabadhi ya 2019, akalipwa kwa kuchelewa, kisha akauza kwa 810 mwaka 2020, hakuhitaji mchumi wa kumwambia afanye nini mwaka uliofuata. Alipunguza shamba la pamba akapanda mahindi, mpunga, choroko na dengu, na mavuno ya pamba ya nchi nzima yakaanguka kwa zaidi ya nusu.

Sasa na tuulize Serikali ilifanya nini, na tuulize kwa insafu. Jambo la kwanza linalostahiki kutajwa ni lile ambalo halikufanywa: watu wetu hawakufungiwa ndani. Katika baadhi ya nchi jirani watu walizuiwa kusafiri, baadhi ya masoko ya wazi yakafungwa, na mboga nyingine zikaoza mashambani. Huku kwetu magulio yaliendelea, na mwenye nyanya za Misungwi aliweza kuzifikisha Mwanza mjini. Nayahesabu hayo kuwa msaada, na msaada usiopitia mikononi mwa karani. Jambo la pili ni hatua za Benki Kuu za Mei 2020, iliyopunguza riba yake kwa mabenki kutoka asilimia 7 hadi 5, na kupandisha kiasi ambacho mtu anaweza kutuma kwa simu kwa siku kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5. Hatua hizo zilikuwa za busara. Lakini ni nani kati yetu hapa aliyepata kumwona mkulima wa Ngudu wilayani Kwimba akihangaika kwa kuwa simu yake imemzuia kutuma zaidi ya milioni 3 kwa siku moja? Zilimfaa mfanyabiashara na mwenye benki, na mkulima alitarajiwa kufikiwa na baraka zake baadaye, kwa njia ndefu.

Jambo la tatu ni kubwa zaidi. Mwezi wa Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25 kwa nchi yetu, na tarehe 10 Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Dodoma mpango wa matumizi ya fedha hizo, takriban shilingi trilioni 1.3, ambazo wananchi tumezizoea kwa jina la fedha za UVIKO. Kila mmoja wetu amekwisha kuona matunda yake, kwa kuwa madarasa 15,000 yalijengwa kwa muda mfupi mno, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, na maji na hospitali navyo vikapata sehemu. Mimi ni miongoni mwa watu waliofurahi kwa dhati watoto walipoanza Januari 2022 bila ya kupokezana madawati asubuhi na mchana. Hata hivyo darasa la mtoto halimrudishii babake shilingi 390 zake. Fedha zilizokopwa kwa jina la maradhi ziligeuzwa kuwa saruji, mabati na madawati, na mzazi aliyeuza pamba kwa 810 akaenda kusaidia kuchimba msingi wa darasa lile kwa nguvu zake mwenyewe.

Kuna watakaosema kwamba Tanzania ni nchi isiyo na utajiri, na kwamba kumlipa kila mkulima fidia ya bei iliyoanguka ni anasa ya mataifa makubwa. Ni kweli Marekani ilitangaza Aprili 2020 mpango wa dola bilioni 19 kwa ajili ya kilimo, na bilioni 16 kati ya hizo zikatengwa kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja. Nadhani wengi wetu tukisikia hesabu hizo hutazama ukubwa wake tu, tukahuzunika, tukanyamaza. Mimi nawaomba mtazame namna zilivyolipwa. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina ofisi ndogo katika wilaya za mashambani nchi nzima, na katika ofisi hizo, tangu zama za mdororo mkuu wa miaka ya 1930, mashamba mengi yana majalada: nani mwenyewe, ekari ngapi, zao gani. Maradhi yalipokuja, karani hakuanza kuuliza wakulima ni akina nani. Alifungua jalada. Ukosefu wa fedha ni udhia mkubwa, sikatai. Lakini mwaka 2020, lau malaika wangalishusha fedha hizo Mwanza usiku mmoja, nawauliza watumishi wa halmashauri mlioketi hapa mbele: asubuhi yake mngalimpa nani?

Mtajibu kwamba vipo vyama vya msingi vya ushirika, na kila chama kina daftari la wanachama na la mauzo. Vipo. Na historia ya vyama hivyo katika mji huu ni historia ya daftari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walichoshwa na mizani za wanunuzi zilizopunguza uzito wa pamba yao, wakaanza kupima wenyewe na kuandika wenyewe. Paul Bomani akawa mstari wa mbele katika kuviunganisha vyama vidogo vidogo, hata mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Zama zizo hizo ilikuwapo bodi ya pamba ya serikali ya kikoloni, na katika miaka ya bei nzuri baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima hakulipwa thamani yote ya pamba yake. Sehemu ilizuiwa ikawekwa akiba, kwa hoja kwamba bei ikianguka akiba hiyo itamkinga. Fikira yenyewe haikuwa mbaya, bali mwenye mali hakuulizwa, na sehemu ya akiba ile iliishia katika mambo mengine yaliyoitwa ya maendeleo. Nalitaja hilo kwa sababu linatuonyesha kwamba wazo la kumlipa mkulima wa pamba mwaka wa bei mbaya halikuja na korona, wala halikutoka Marekani. Liliwahi kuishi hapa, na fedha zake zilikuwa za mkulima mwenyewe.

Ushirika ule ulivunjwa mwaka 1976, ukarudishwa kwa sheria ya 1982, ukadhoofika tena soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, na madaftari nayo yakafuata mkondo huo: mengine yaliteketea, mengine yakaliwa na mchwa, mengine yakabaki na majina ya marehemu. Kwa hiyo msukosuko wa fedha wa dunia ulipoiangusha bei ya pamba mwishoni mwa 2008, na Rais Jakaya Kikwete akatangaza Dodoma Juni 2009 mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya shilingi trilioni 1.7, fidia ya hasara ya pamba ilielekezwa kwa makampuni na vyama vilivyonunua kwa bei ya juu wakauza kwa bei ya chini. Hoja ilikuwa kwamba mnunuzi akifilisika, msimu ujao mkulima hatakuwa na pa kuuzia. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini zaidi ya hoja palikuwa na wepesi: wanunuzi walikuwa wachache, wana hesabu zao, wana anwani. Wakulima walikuwa maelfu kwa maelfu, hawana jalada. Msaada ukaenda mahali penye jina lililoandikwa, na aghalabu ndivyo msaada uendavyo.

Hapa sina budi kukawia kidogo, maana daftari nalo lina dhuluma zake, na mtu anayelitetea lazima azitaje. Mwaka 1933 serikali ya Marekani iliwalipa wakulima wa pamba wa majimbo ya kusini ili waing'oe sehemu ya pamba iliyokwisha kuota, kusudi bei ipande. Malipo yaliandikwa kwa majina ya wenye ardhi. Waliolima ardhi ile kwa kugawana mavuno, wengi wao Weusi, walipaswa kupata fungu lao kutoka kwa wenye ardhi, na wengi hawakulipata. Baadhi wakafukuzwa kabisa kwa kuwa ardhi iliyopunguzwa haikuhitaji tena mikono yao. Fedha ilikuwapo, nia ilikuwapo, daftari lilikuwapo, ila jina lililoandikwa halikuwa jina la aliyeinama shambani.

Je, sisi tumesalimika na dhuluma hiyo? Nilipata kuketi kando ya mizani ya chama kimoja cha msingi wilayani Kwimba siku ya ununuzi. Akaja mama mmoja na mkokoteni wa ng'ombe ukiongozwa na mwanawe, pamba yake ameifunga ndani ya mashuka, kwa kuwa magunia ya salfeti yamekatazwa, nyuzi zake zikichanganyika na pamba huiharibu kiwandani. Kijana wa mizani akatundika furushi, akasoma uzito kwa sauti, karani akainua kalamu. «Mama, niandike jina gani?» «Andika la baba yao.» Baba yao alikuwa Geita, kwenye machimbo, tangu kabla ya palizi ya kwanza. Karani akaandika, akararua nakala ya stakabadhi, yule mama akaikunja mara nne akaifunga kwenye pembe ya kanga. Hakunung'unika, wala karani hakukosea. Mwanachama wa chama ni mume. Lakini aliyepanda, aliyepalilia, aliyepiga dawa na aliyechuma, daftari halimjui. Siku ya fidia, kama ingalikuwapo, ujumbe wa fedha ungalilia katika simu iliyoko machimboni.

Ajabu ni kwamba mama huyohuyo yamkini anajulikana vizuri sana katika daftari jingine. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, umekuwa tangu 2012 ukiendesha mpango wa kunusuru kaya masikini, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020, wiki chache tu kabla ya maradhi kuingia. Katika mpango huo majina hutajwa mbele ya mkutano wa kijiji, watu wakisikia na kupinga, kisha hupimwa kwa dodoso. Fedha hulipwa kila baada ya miezi miwili, na anayepokea kwa niaba ya kaya ni, mara nyingi, mwanamke. Daftari hilo nalo halikukosa kaya hewa, na maelfu yake yaliondolewa katika uhakiki wa miaka iliyopita, lakini ni kweli kabisa kwamba kwa muda mrefu hapakuwa na orodha ya Serikali iliyomfikia vizuri zaidi mtu wa kijijini kwa jina lake na kumtia fedha mkononi kuliko hiyo.

Basi tazameni hali ilivyokuwa mwaka 2020. Daftari moja lilijua nani ni fukara, halikujua nani analima pamba wala amepungukiwa na nini. La pili lilijua kilo za pamba hadi nukta, halikujua nani kazilima. Mkulima wa kati, yule mwenye ekari tatu au nne, asiye fukara wa kuingia TASAF wala tajiri wa kukopa benki, alianguka katikati ya madaftari mawili. Kaya ya namna hiyo ndiyo iliyoumizwa zaidi na bei ya 810, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na pamba ya kuuza, na ndiyo ambayo hakuna ofisi iliyokuwa na wajibu wa kuiuliza hali.

Wavuvi wa ziwa letu waliteseka kwa namna iyo hiyo, nami nitasema machache tu juu yao, maana wapo hapa wanaojua kuliko mimi. Minofu ya sangara husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, na mabondo huishia China. Ndege ziliposimama na mahoteli yakafungwa, viwanda vya Mwanza vilipunguza manunuzi na bei ya sangara mwaloni ikaporomoka. Dagaa wa Mwaloni Kirumba, wanaongojewa na wafanyabiashara wa Kongo, Rwanda na Burundi, wakakwama mipakani. Hapa pia tatizo ni jina: leseni ya mtumbwi ina jina la tajiri wake, mwenye mtumbwi. Vijana watatu au wanne waliomo ndani ya mtumbwi huo usiku kucha, wanaogawana naye mapato, majina yao hayamo katika leseni hiyo, na iwapo ungalikuja msaada wa wavuvi kwa leseni, tungalirudia kisa cha pamba cha 1933 juu ya maji ya Victoria.

Si kwamba kila nchi ilingoja mpaka iwe na daftari kamilifu. Togo, nchi ndogo isiyotuzidi kwa mali, ilianza Aprili 2020 kuwalipa kwa simu watu waliokosa kazi kwa ajili ya maradhi, na kwa kuwa haikuwa na orodha ya wafanyakazi wasio rasmi, ilitumia orodha ya wapiga kura, ambamo kila mtu alikuwa amejaza kazi yake. Mtu alibonyeza namba za kitambulisho chake, akapokea fedha, na wanawake wakapewa zaidi kidogo kuliko wanaume kwa kuwa wao ndio walishao nyumba. Sisi tulikuwa na uchaguzi mkuu mwaka huohuo, na daftari la wapiga kura lilikuwa limetoka kuboreshwa. Hakuna aliyefikiri, au aliyefikiri hakusikilizwa, kwamba daftari laweza kutumika kwa jambo jingine zaidi ya kura.

Tangu hapo tumepiga hatua, nami sipendi kuinyima Serikali stahiki yake. Bei ya mbolea ilipopaa duniani kwa sababu ya maradhi na baadaye vita vya Ukraine, Rais alizindua tarehe 8 Agosti 2022, sikukuu ya Nane Nane pale Mbeya, ruzuku ya mbolea ya shilingi bilioni 150, iliyoushusha mfuko wa kilo 50 wa urea hadi shilingi 70,000. Ili kuipata, mkulima alitakiwa ajiandikishe kijijini kwake, apewe namba, na kwa namba hiyo anunue kwa wakala. Kwa njia hiyo nchi ikajipatia orodha ya wakulima kwa majina, mashamba na simu zao. Wengi wa Kanda ya Ziwa hawakuitilia maanani, na sababu yao naielewa: sisi hatutumii mbolea nyingi kama watu wa Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo mtu wa Magu alijiuliza ya nini apange foleni kwa mtendaji wa kijiji kwa ajili ya mfuko ambao hataununua. Nawaomba mkajiandikishe hata hivyo, na mkawahimize jirani zenu. Thamani ya namba hiyo kwenu imezidi ile ya mfuko wa urea.

Kwa viongozi wa vyama vya msingi ninayo haja moja, na nimeisema kwao faraghani kabla ya kuileta hapa hadharani. Msimu wa ununuzi hufunguliwa kati ya Mei na Juni. Kabla ya mizani kutundikwa, orodha ya wanachama ibandikwe ukutani pa ghala na isomwe katika mkutano wa kijiji, kama TASAF wafanyavyo, waliokufa wafutwe, waliohama wafutwe, na kaya ambayo mume na mke wote wanalima iwe na majina mawili katika mstari mmoja, na namba za simu mbili. Stakabadhi itolewe kwa jina la aliyeleta pamba. Sheria ya ushirika haimzuii mwanamke kuwa mwanachama. Kinachomzuia mara nyingi ni kiingilio, hisa, na mazoea ya karani. Kiingilio na hisa zaweza kukatwa katika mauzo yake ya kwanza, kama vyama vyetu vilivyozoea kukata madeni ya mbegu na dawa kwa pasibuku, yaani kitabu cha mkulima.

Na kwa watumishi wa halmashauri: orodha ya vyama, orodha ya ruzuku ya mbolea, orodha ya TASAF na orodha za vikundi vya mialo ya wavuvi zote zinapita katika ofisi ya mtendaji wa kijiji mmoja, katika chumba kimoja, aghalabu juu ya meza moja. Hakuna sheria mpya inayohitajika ili mtu azifungue nne pamoja, kaya kwa kaya, aone nani yumo mara tatu na nani hayumo hata mara moja. Kazi hiyo yaweza kuanza katika kata moja ya Misungwi na kata moja ya Ukerewe, moja ya pamba na moja ya samaki, kati ya sasa na mvua za vuli, na matokeo yake yasomwe mbele ya baraza la madiwani kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa.